Kiuno cha Thelathini na Nane

14 Januari

Kijiko, mdogo wangu wa tumbo moja,

Shikamoo yako naingoja kwa maandishi, maana ile ya kwenye simu huwa unaimeza pamoja na kitu unachotafuna. Huku tuko wazima, kwa kiasi cha watu wanaoishi kando ya barabara yenye vumbi. Januari imenikalia kooni. Sare za shule, sketi thelathini na mbili za buluu, kaptula hata sijazihesabu, na kila mzazi anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuleta kitambaa. Cherehani moja imekata mkanda. Yule fundi viatu wa chumba cha pili bado anaimba kutwa nzima na bado hajui wimbo hata mmoja mpaka mwisho. Mama anakusalimu sana. Anakula, analala. Mstari wake chini ya barua hakuuandika safari hii kwa sababu kalamu ilikuwa na mimi dukani.

Nimeamua kukuandikia tena kama zamani, na barua nitaituma kwa basi pamoja na mashati yako, kwa kuwa kwenye simu hufai. Nikikuuliza jambo unacheka, nikirudia unaniombea, nikikaza unasema mtandao unakatika. Karatasi haina mtandao.

Wifi alinipigia wiki iliyopita. Akaniambia zile suruali za kijivu nilizokushonea mwaka juzi zinakuvuka, unazishikilia kwa mkanda uliotobolewa matundu mapya mawili. Alisema kwa furaha. Mimi sikufurahi, ila sikumwambia.

Nataka vipimo vyako vipya: kiuno, nyonga, paja, kifua, shingo. Usiipime suruali, ujipime wewe. Na usisome lebo. Lebo ni kijitambaa tu.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Fundi


6 Februari

Dada Fundi,

Shikamoo. Hiyo hapo, imeandikwa, na mdomoni sina kitu.

Sisi hatujambo. Wifi yako amehamishiwa darasa la kwanza, anarudi nyumbani sauti imekauka, kwa hiyo mwenzio nimepata amani ambayo sijawahi kuijua katika ndoa. (Usimwambie.) Mashati yamenikaa vizuri. Fundi viatu mpe salamu, mwambie aje kwenye kwaya yetu, tunao wengi kama yeye.

Sasa nikupe habari yenyewe, maana wifi yako amekupa mkia akaacha kichwa. Kauli yangu unaijua: kijana huja kwa tumbo, akabaki kwa roho. Miaka kumi na moja ya huduma hii nimewalisha. Kila Ijumaa masinia ya wali na nyama, makreti ya soda, keki kwa kila aliyezaliwa mwezi huo, na kila mwezi kuna waliozaliwa. Kambini tulikuwa na mashindano ya kula, na bingwa alikuwa mimi. Wananiita Mchungaji Sinia, na sijawahi kukasirika. Ukumbi uliokuwa na vijana tisa leo una mia na hamsini.

Mwezi wa kumi alikuja muuguzi kuwapima. Dada, vijana wa miaka ishirini wana presha za babu zao. Wazee wa kanisa wakaniita. Mmoja wao akasema nimepewa kundi nilichunge, mimi nalinonesha kama mwenye bucha. Alisema hivyo akilitazama tumbo langu, wala si uso. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo nikaanzisha Nusu Sahani. Sahani haijazwi, na katika hiyo nusu, nusu yake iwe mboga. Maji badala ya soda. Kabla ya maombi tunauzunguka uwanja mara nne. Nami nikasema sitawatuma mahali nisikokwenda mwenyewe, nitakuwa wa kwanza. Tangu Novemba mpaka leo, mwenyewe umesikia, suruali zinavuka. Mungu hakukawia.

Kuna binti mmoja, mpiga kinanda wetu, miaka kumi na tisa. Alikuwa mnene wa kutaniwa barabarani. Ananifuata hatua kwa hatua. Kila anachokula anakiandika kwenye daftari na Ijumaa ananiletea nikisome, kama mwanafunzi na mwalimu wake. Naye kuanzia mwezi uliopita ameanza kupungua. Mama yake, mjane mwenye huyo mmoja tu, hanipiti njiani bila kunishika mkono.

Vipimo, mbona rahisi. Lebo inasema thelathini na nane, na imesema hivyo tangu nilipooa, miaka kumi na mitatu. Nimekuwa nikiwaambia vijana kwamba hata katika ulafi wangu kiuno hakikuwahi kuongezeka. Sasa zinavuka, basi wewe kata thelathini na nne. Nataka suti ya kongamano la Agosti.

Mama kwa nini anakosa kalamu? Nimezoea kuona ule mstari wake, "Mama nipo," na herufi zinazopanda mlima. Mwambie namdai.

Mdogo wako,
Kijiko


21 Februari

Kijiko,

Salamu zimefika, na lile la amani ya ndoa nimemwambia wifi, kama ulivyonikataza. Sare zimekwisha, sasa ni magauni ya maharusi, na bwana harusi mmoja amekuja kupimwa mara tatu na kila mara amekuja na kaka mpya wa kumshauri. Mama anaendelea.

Ndani ya kifurushi utakuta futi yangu, ile ya kitambaa. Mpe wifi akupime. Ukinitumia namba ya lebo tena, sikati.

Nijibu na haya, moja moja, usiyarukeruke. Kwa siku unakunywa maji mara ngapi? Ukishakunywa kiu inakwisha au inabaki? Chooni unakwenda mara ngapi? Kuna kidonda chochote kinachokataa kupona? Unaposoma Biblia herufi zinatulia?

Unakumbuka Mama alipopungua? Ulikuwepo. Watu walimsimamisha njiani wamsifu. Mimi nilimpunguzia magauni matano nikaona fahari, na wewe ukasema amerudi usichana. Ilikuwa sukari. Ilikuwa inamla huku sisi tunapiga makofi. Sisemi nawe ni hivyo. Nasema nenda zahanati, wakutoboe kidole, ni jambo la dakika moja, kisha unitukane kwamba nakuombea mabaya. Matusi nitayapokea kwa mikono miwili.

Dada yako


30 Machi

Dada Fundi,

Shikamoo, na samahani ya kuchelewa. Tulikuwa na kambi, halafu maandalizi, halafu maandalizi ya maandalizi. Wifi yako anakusalimu. Amepata kikohozi cha chaki.

Dada, fundi gani anatuma futi mbovu? Wifi yako amenizungushia mara tatu na mara tatu imesoma arobaini. Mtu aliyekuwa thelathini na nane, akapungua mpaka suruali zinamvuka, anakuwaje arobaini? Tumecheka mpaka majirani wakauliza. Itupe hiyo, au wapimie wateja usiowapenda.

Ijumaa ya mwisho wa kambi nilitoa ushuhuda. Nilipanda jukwaani na ile suruali ya kijivu, nikafungua mkanda, nikaivuta mbele kwa mkono ili watu waone nafasi. Ukumbi wote ulisimama. Baadaye mpiga kinanda akaja mbele naye, akalivuta gauni lake vilevile, na mama yake akalia. Wazee wamenipiga picha. Wanataka Nusu Sahani iende kwenye matawi yote tisa. Yule yule aliyelitazama tumbo langu ndiye aliyeleta hoja.

Maji nakunywa sana, ndiyo mafundisho yenyewe, maji badala ya soda. Mambo ya choo, dada yangu, mimi ni mchungaji, si yote yanayoandikwa. Macho ni ya umri. Zahanati nitakwenda nikipata nafasi.

Na Mama? Barua ya pili hii hana mstari. Amenikasirikia?

Kijiko


9 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefunga duka mchana ili nikuandikie hii, na kuna mteja ameketi nje, namsikia akiguna. Aketi.

Futi si mbovu.

Siku ulipokuja kupimwa suti ya harusi nilisoma arobaini na mbili kwa sauti, na wewe ukanyamaza. Kijiko kunyamaza. Ukaniomba, "Dada, andika thelathini na nane, nitaifikia." Nikaandika. Niliona ni kama kumtia mtu moyo. Nguo niliikata arobaini na mbili, lebo nikaiandika unavyotaka. Mwaka uliofuata ulikuwa arobaini na tatu na hukuuliza, nami nikaandika thelathini na nane. Nikaanza kutia mpira ndani ya ukanda wa nyuma, nikaufunika kwa bitana ili usiuone, nguo itanuke bila kukubana. Kila suruali uliyovaa kwa miaka kumi na mitatu ina mpira. Fungua mshono utaukuta. Daftari langu lina ukurasa wako, na kipimo cha mwisho nilichokupima mwenyewe ni arobaini na saba.

Watu hujua wamenenepa kwa sababu nguo zinawaambia. Zako nilizifunga mdomo. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiyo nguo niliishona mimi. Nilidhani nakupenda. Nilikuwa nakupenda, ndiyo, lakini nilikupenda kipumbavu, na nakuomba msamaha.

Sasa hesabu mwenyewe. Kutoka arobaini na saba hadi arobaini ndani ya miezi michache, na suruali yenye mpira inakuvuka. Nimepima watu miaka ishirini na sita. Mwenye kula kwa kiasi hupungua polepole, uso unang'aa, na anaringa. Mwenye sukari huyeyuka, na anakunywa maji.

La pili. Mama haoni. Jicho la kulia lilianza Oktoba, la kushoto likafuata kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana hana mstari. Alinikataza kukwambia, alisema utaacha vijana wa watu uje mbio. Sasa anashika ukuta kwenda chooni, na jana amenishika uso wangu wote kwa vidole, akasema nimezeeka. Hii ndiyo sukari, Kijiko. Mama yako, damu yako.

Nenda kapime. Kesho. Ningekuja kukuburuta kwa mkono kama nilivyokuburuta shuleni, ila Mama siwezi kumwacha.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Shikamoo. Wifi yako mzima.

Barua yako niliisoma nimesimama ofisini, nikaifunga, na nimekaa nayo miezi miwili kwa sababu sikuwa na maneno ya Kikristo. Umenivua nguo. Ulijua, na kila nilipokuja kupimwa ulinizungushia futi huku unatania, ukaandika uongo kwa uzi. Nami nimeusimamia uongo huo jukwaani mbele ya watoto wa watu.

Ya Mama yameniuma kuliko yangu. Mngeniambia. Nitakuja baada ya Agosti.

Vipeperushi vimeshachapwa. Kuna picha yangu ya zamani na ya sasa, na chini yake: kutoka inchi thelathini na nane hadi thelathini na nne. Ukitaka nipande jukwaani niseme ilikuwa arobaini na saba, wataniuliza mtu mzima gani hakijui kiuno chake. Ukitaka nikatobolewe kidole na ikutwe ni ugonjwa, basi hakukuwa na ushuhuda, kulikuwa na maradhi. Vijana mia na hamsini wameacha soda kwa sababu yangu. Watarudi kwenye makreti wiki hiyo hiyo wakinicheka. Matawi tisa yanangoja. Tutazindua rasmi hapa kwetu Jumapili ya kwanza ya Julai, wazee wote watakuwepo, halafu kongamano. Baada ya hapo nitapima. Si muda mrefu.

Wiki iliyopita mpiga kinanda alianguka mazoezini, akalalia kinanda, sauti zote zikalia kwa pamoja. Amekonda sana, anapendeza. Niliwaambia vijana wasiogope, mwili ukinyimwa ulafi hulalamika kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Tukamwombea. Aliamka akaomba maji, akanywa jagi zima bila kupumua, watu wakapiga makofi, tukaimba.

Usiandike tena mambo haya. Wifi yako hufungua vifurushi.

Mdogo wako


25 Juni

Mdogo wangu,

Salamu utaziwazia mwenyewe.

Wewe ni mtu mzima. Ukitaka kufa na vipeperushi vyako, mimi nitashona sanda, kazi ni kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kikikuumbua nitakulilia mpaka nikauke. Lakini huyo mtoto hakuambiwa na mtu kwamba ana la kuficha. Ameanza kukonda Januari. Jagi zima bila kupumua. Ameanguka. Niliposoma hapo nilisimamisha cherehani katikati ya mshono, na bado gauni la mtu lina sindano ndani.

Kwa umri wake sukari haikawii kama ilivyokawia kwa Mama. Muuguzi wa Mama nimemuuliza, akaniambia vijana inawachukua kwa siku, si kwa miaka. Akianza kutapika na kuhema ujue umechelewa.

Ukiifungua barua hii, usiikunje. Vaa viatu, nenda kwao, mchukue mkapime. Siku hiyo hiyo. Nimempa dereva wa basi mwenyewe mkononi, nimemwambia ni dawa.

Dada


11 Agosti

Dada Fundi,

Shikamoo. Mshikie Mama miguu kwa niaba yangu. Wifi yako yupo, tunaongea kidogo.

Nimepima. Mashine ilisoma ishirini na sita, muuguzi akadhani imeharibika, akarudia kwenye kidole kingine. Najidunga sindano asubuhi na jioni. Kuna kidonda kisiginoni ambacho sikukutajia, wanakiosha kila siku ya pili, na hawajaamua kuhusu mguu. Hayo ni yangu, nimekwambia ili nisiyafiche.

Yasiyo yangu ni haya. Binti mpiga kinanda amefariki.

Barua yako ilifika Alhamisi. Dereva aliileta mwenyewe mpaka ofisini, akasema "dawa yako hii." Nikaisoma. Nikaelewa kila neno, dada, usije ukafikiri sikuelewa. Kwao ni mwendo wa dakika kumi. Nikaikunja, nikaiweka kwenye droo, juu ya vipeperushi. Uzinduzi ulikuwa Jumapili. Nikasema Jumatatu nitamchukua, kimyakimya, tupime wote wawili. Niliona nikimchukua Alhamisi, ikikutwa ni ugonjwa, mama yake atapiga kelele, na Ijumaa ukumbi wote utajua. Siku nne tu, nikasema.

Ijumaa hakuja. Mwenzake mmoja akasema anaumwa tumbo. Nikamtaja kwenye maombi. Jumamosi alasiri mama yake akanipigia, anatapika tangu jana na anahema kama aliyekimbia. Nikasema mpeleke hospitali sasa hivi, nakuja. Nilimkuta kwenye benchi la mapokezi amelala, pumzi zake ndefu na kubwa, harufu ya mdomo wake kama matunda yaliyooza. Daktari alipopima alitutazama mmoja mmoja, akauliza ni nani aliyekuwa akimwangalia. Mama yake akanionyesha mimi. Alfajiri ya Jumapili akafa.

Wazee waliuahirisha uzinduzi kwa wiki mbili. Hawakuufuta. Mazishi niliyaongoza mimi, nikasema maneno yanayosemwa. Kaburini mama yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Alisema miezi ya mwisho mwanawe alijitazama kwenye kioo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utotoni. Alinipa lile daftari la chakula nilitunze. Nimelisoma lote. Kila siku nusu sahani, mpaka Alhamisi ile. Na pembeni, kwa herufi ndogo, alikuwa akiandika maji. Glasi kumi. Glasi kumi na sita. Glasi ishirini na moja. Ijumaa zote hizo alikuwa akiniletea nisome, nami nilikuwa nasoma upande wa chakula, naweka saini.

Kuna jambo jingine nikwambie, maana wewe uliniungamia la mpira na mimi nikakujibu kwa kiburi. Nusu sahani niliila mbele za watu tu. Nyuma ya jiko la ukumbi kuna stoo. Wakishaondoka niliingia humo nikamaliza kilichobaki, nimesimama, kwa mkono, haraka, wali wa baridi, keki za watu. Kila Ijumaa, na siku nyingine nilinunua. Nilikuwa nakula kuliko zamani na nakonda. Sasa unaelewa kwa nini niliicheka futi yako nisije nikauliza. Nilijua sahani haihusiki kabisa. Nikajiambia ni neema, Mungu ananifunika. Hapakuwa na asubuhi hata moja ambayo sikujua kuwa najidanganya, dada. Na mtoto yule alikuwa akiifuata kwa uaminifu, gramu kwa gramu, sahani ambayo mimi sikuila.

Wazee nimewaambia. Mwenyekiti akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nipumzike, nina majonzi, na mafundisho yenyewe ni mazuri hata kama mwalimu ameteleza. Labda ni kweli. Nimeacha huduma. Vipeperushi walikuja kuvichukua wenyewe kwa toroli.

Ikabaki kwa mama wa binti. Nilikaa wiki tatu nikijipa sababu, kwamba nitamwongezea msiba. Jumamosi iliyopita nikaenda. Chumba chao ni kimoja, pazia katikati, kitanda cha binti bado kimetandikwa. Alifurahi kuniona. Kabla sijaketi vizuri aliniandalia chakula, akaniwekea mbele nusu sahani, na nusu yake mboga, kama alivyokuwa akimpakulia mwanawe. Akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

Nikamwambia yote. Lebo, stoo, ushuhuda, barua yako. Nilimwambia kwamba ilifika Alhamisi na ilisema nivae viatu nimchukue siku ile ile. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Alhamisi saa ngapi?"

Nikasema saa nne asubuhi.

Akatazama mlangoni, kwenye uga wenye kamba ya nguo. Akasema, "Saa nne alikuwa hapo anafua sare ya kwaya. Alikuwa mzima wa kutembea, mchungaji. Angekwenda kwa miguu yake."

Kisha akainuka, akaichukua ile sahani, akaenda kwenye sufuria. Akaongeza wali, akaongeza tena, akakomba sufuria mpaka chini. Akairudisha imejaa hadi ukingoni, akaiweka mbele yangu.

"Kula," akasema.

Nikala. Alisimama akinitazama mpaka nikamaliza yote.

Mdogo wako